Unalala kwenye gari ukitoka kufuata mzigo? Kiti cha dereva kisizibwe

Leo tuache kidogo mambo ya kupiga picha bidhaa na kujibu wateja. Naongea na wale tunaochangishana, tunakodi Noah, tunashuka Kariakoo kufuata mzigo, halafu wakati wa kurudi usingizi ukibana tunalala humo humo ndani ya gari ili tusilipe gesti. Najua mpo wengi.

Mimi natokea Iringa. Mwaka juzi tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu anayeuza viatu, gari naendesha mwenyewe. Saa saba usiku macho yakagoma. Nikaegesha pembeni ya barabara jirani na vibanda vilivyofungwa, giza tupu. Mabelo tulikuwa tumeyapanga mpaka nyuma ya kiti cha dereva, kwa hiyo tukajibana huku nyuma karibu na mlango wa kuvuta, tukalala.

Baadaye nikasikia kioo kinagongwa. "Dada, tairi lenu la nyuma limekaa chini." Sauti ya upole kabisa. Sasa ili nifike kwenye usukani ilibidi nifungue mlango nizunguke kwa nje. Nikafungua. Walikuwa watatu. Wakabeba simu zote mbili, pochi na mabelo mawili. Tairi lilikuwa zima wala halikuwa na shida yoyote.

Watu wengi niliowasimulia waliniambia ningekuwa na panga chini ya siti. Mimi sikubali. Ndani ya Noah iliyojaa mzigo hilo panga utalirusha wapi? Na akikunyang'anya, linakugeukia wewe. Kilichonikosesha usalama usiku ule ni kwamba nilikuwa ndani ya gari zima lenye mafuta na sikuweza kuliondoa. Gari linakulinda pale unapoweza kukaa kwenye kiti, kuwasha na kuondoka bila kukanyaga chini.

Kwa hiyo siku hizi mzigo naupanga kwa kuacha njia ya kupita kutoka ninapolala hadi kwenye usukani. Hata kama belo moja litabaki Dar lije na basi kesho yake, sawa tu. Gari naliegesha pua ikiangalia barabarani, nisianze kurudi nyuma wakati mtu anagonga kioo. Ufunguo unakaa sehemu moja kila siku, mkono uufikie gizani. Milango yote naifunga kwa ndani, na vioo vya mbele naacha uwazi mdogo tu wa kupitisha hewa, usioingiza mkono.

Akija mtu na habari ya tairi, taa au mafuta yanavuja, usibishane naye na usifungue. Washa, piga honi, ondoka taratibu mpaka penye watu ndio ukague. Kama tairi kweli halina upepo, kutembea nalo mita mia kadhaa linaweza kuharibika, lakini tairi linanunuliwa. Na ukiomba msaada tumia honi na taa, usikimbilie kupiga kelele za "mwizi". Wananchi wenye hasira hawaulizi maswali, anaweza kufa mtu asiyehusika.

Kuhusu sehemu ya kulala: sheli yenye taa na mlinzi ndiyo chaguo langu. Ongea na mlinzi kwanza, mpe ya soda, muulize uegeshe wapi. Njia yetu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, pale usithubutu kuegesha usiku, wanyama wanavuka barabara. Lala Morogoro mjini, au vuka hifadhi ukapumzike mji wa Mikumi.

Kitu kingine ambacho watu wanakipuuza: usilale injini ikiunguruma ili upate kiyoyozi au joto. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Jiko la mkaa ndani ya gari ni hivyo hivyo. Baridi ikizidi, blanketi.

Kabla hujalala, mtumie mtu wa nyumbani mahali ulipo kwa WhatsApp. Ile ya kuonyesha moja kwa moja inakwenda hadi saa nane. Polisi ni 112.

Mabelo yale niliyafidia ndani ya miezi minne. Simu ndiyo iliniumiza zaidi, maana duka langu lote lilikuwa humo: namba za wateja, oda zilizolipiwa, na ukurasa wenyewe nilikaa wiki tatu bila kuingia. Siku hizi laini ya pesa iko kwenye kitochi ninacholala nacho mwilini, WhatsApp nimeiwekea namba ya siri ya ziada, na majina ya wateja wenye oda nayaandika kwenye daftari linalobaki nyumbani kwa mama.