Niliumbuka sendofu, kumbe dawa aliijua sonara!

Msomaji, umeshawahi kuumbuka mbele ya wakwe ambao hata si wako? Mimi yamenikuta. Ilikuwa Jumamosi, ukumbi mmoja wa Kinondoni, sendofu ya binti wa watu. Bendi yetu ya vijana watano wa Mabibo ndiyo iliyopata tenda, si kwa umaarufu bali kwa sababu bendi zenye majina zilikuwa ghali. Mimi nashika solo. Gitaa langu ni la mtumba, la umeme, lenye ule mkono mwembamba wa chuma unaochomoza pale nyuzi zinapoishia. Wenyewe tunauita tremolo.

Mambo yalikuwa mswano mpaka wimbo wa tatu. Kina dada wa meza ya mbele wakaanza kunitazama, kichwa kikavimba, nikaukandamiza ule mkono mpaka sauti ikazama chini kabisa kama mtu anayetumbukia kisimani. Ukumbi ukashangilia. Nikauachia mkono, nikarudi kwenye wimbo... lo! Nyuzi hazikurudi zilikotoka. Bezi na kinanda wako pamoja, mimi niko Kibaha peke yangu. Nikajaribu kukaza uzi mmoja huku napiga, nikaharibu na miwili iliyokuwa mizima. MC naye, mtu asiye na huruma, akachukua maikrofoni akauliza kama kuna daktari wa magitaa humu ndani. Hata bibi harusi mtarajiwa alicheka.

Kwenye malipo tulikatwa elfu ishirini. Wenzangu hawakunisemesha mpaka Magomeni.

Jumatatu asubuhi nikalibeba gitaa hadi Gerezani kwa mshikaji wangu mmoja, fundi wa kukereza vyuma. Huyu bwana hajawahi kupiga gitaa hata siku moja, lakini mpe chuma chochote atakwambia kinaumwa wapi. Akalilaza mezani, akafungua kifuniko cha nyuma, akaukandamiza mkono na kuuachia kama mara kumi hivi bila kusema neno. Halafu akaniuliza: "Mwandishi, hivi unajua humu ndani kuna watu wanavutana kamba?"

Na kweli ni mchezo wa kuvutana kamba. Nyuzi sita za gitaa la umeme zikishakazwa, kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 40, yaani kasoro kidogo kufikia mfuko wa sementi. Nyuma ya gitaa kuna springi zinazovuta upande wa pili kwa nguvu ileile, na katikati yao kuna daraja lililosimama kwa kuegemea tu. Ukikandamiza mkono, daraja linainama, nyuzi zinalegea, sauti inashuka. Ukiachia, springi zinalirudisha. Tatizo liko upande wa pili, kule karibu na kichwa cha gitaa, penye kile kizingiti cha mfupa au plastiki chenye vifereji sita. Uzi ukilegea unateleza kidogo kwenye kifereji chake, ukikazwa tena msuguano unaukamata njiani, haufiki ulipotoka. Tena uzi umezungushwa mara tatu nne kwenye kikazio chake, na mizunguko hiyo nayo inalegea na kubana inavyojisikia. Uteleze hata kidogo tu, wewe tayari umechemsha.

(Mabingwa wa muziki watanisuta, kwa hiyo niseme mapema: hata jina "tremolo" ni la makosa. Sauti inayopanda na kushuka huitwa vibrato, tremolo ni sauti inayokua kubwa na ndogo. Leo Fender, yule aliyetoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, ndiye aliyeuita mkono wake tremolo, na dunia nzima ikamfuata. Nami nafuata.)

Fundi alinipa dawa ya kwanza ya bure, kusugua risasi ya penseli kwenye vifereji ili nyuzi ziteleze vizuri. Ilisaidia kwa siku mbili. Ndipo nikaanza kutafuta habari za watu waliokumbwa na balaa hili kabla yangu, na huko nikakutana na hadithi ambayo imeninyima usingizi.

Kwanza kumbe hawa wavumbuzi wa mikono ya gitaa si maprofesa. Paul Bigsby, ambaye mkono wake wenye springi moja ulienea Marekani tangu miaka ya 1950, alikuwa fundi wa pikipiki huko Los Angeles, kwenye karakana ya pikipiki za Crocker. Mwanamuziki Merle Travis alimpelekea mkono wa aina ya zamani uliokuwa ukimharibia tuni, amtengenezee. Bigsby mwishowe akaunda wa kwake.

Lakini aliyenikamata ni wa pili. Anaitwa Floyd Rose. Mwaka 1976 huyu alikuwa kijana wa Kimarekani mwenye maisha ya sehemu mbili: mchana sonara, anatengeneza mapambo, na jioni yuko na bendi yake ya roki. Mapenzi yake yalikuwa kwa Deep Purple na Jimi Hendrix, yule aliyeupiga wimbo wa taifa la Marekani kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 na kuukamua mkono wa tremolo mpaka gitaa likalia kama mabomu yanaanguka. Rose alitaka kufanya hivyohivyo. Naye akaumbuka hivyohivyo! Alijaribu kulainisha vifereji, akajaribu kupunguza mizunguko ya uzi kwenye vikazio. Wapi! Kila akiachia mkono, tuni imekwenda na maji.

Sasa hapa ndipo usonara ulipoingia. Wenzake wote walikuwa wanahangaika kuufanya uzi uteleze vizuri zaidi, yeye akageuza swali: kwa nini uteleze kabisa? Akachukua vifaa vya kazini kwake, akatengeneza kizingiti cha shaba ya njano chenye vibanio vitatu, kila kibanio kinabana nyuzi mbili kwa skrubu. Ukishakaza, uzi hauna pa kwenda. Mizunguko ya kule kichwani ilegee, ibane, icheze mdundiko, haikuhusu tena.

Usidhani aliamka tajiri. Shaba ni laini na waya wa gitaa ni chuma, kwa hiyo muda si mrefu nyuzi zikaila na vibanio vikaanza kuachia. Akabadili, akatumia chuma kilichokomazwa. Kisha akaona kwamba hata upande wa daraja uzi una nafasi ya kujitingisha, akaubana na huko. Ndiyo maana mtambo wake unajulikana kwa kufunga nyuzi pande zote mbili. Na una adha zake, nisikufiche. Ukishafunga, vikazio vya kichwani havifanyi kazi, na ule ukazaji wenyewe wa kibanio unaupandisha uzi kidogo, ndiyo maana matoleo ya baadaye yaliwekewa skrubu ndogondogo darajani za kurekebisha tuni. Tena uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda mchezo wa kamba na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda. Kwenye sendofu ya Kinondoni sijui MC angesema nini.

Sokoni je? Mwanzoni Rose alikuwa anazitengeneza mwenyewe kwa mkono. Lakini angalia zilikwenda kwa nani. Eddie Van Halen, Neal Schon wa Journey, Brad Gillis wa Night Ranger, Steve Vai. Hawa walikuwa watu ambao vijana wa Marekani walikuwa wanakodolea macho vidole vyao usiku kucha. Van Halen akipiga mbizi kwa mkono ule na kurudi tuni iko palepale, wewe mpiga gitaa wa mtaani unafikiri nini? Unaulizia kile kitu kinauzwa wapi. Tangazo gani la redio lingeshinda hilo?

Na kabla mambo hayajawa moto, jamaa alishakwenda kuchukua karatasi yake. Mwaka 1979 alipewa hataza ya Marekani, ile hati ya kulinda uvumbuzi, namba 4,171,661. Maombi yakazidi mikono. Hapo ndipo wabunifu wengi wa kwetu wanapokwama, nami ningekwama, maana fundi anaona haya kumpa mtu mwingine kazi yake. Rose akafanya nini? Mwaka 1982 akaingia mkataba na kampuni ya magitaa ya Kramer ya New Jersey, na kuanzia 1983 magitaa ya Kramer yakawa yanatoka dukani yakiwa yameshafungwa mtambo wake. Waigaji wakaja kama nzi kwenye nyama. Kuna walioburutwa mahakamani, na kuna waliolipia leseni wakatengeneza kihalali, ndiyo maana ukikutana na gitaa la mtumba lenye daraja la namna hiyo angalia vizuri, unaweza kukuta limechongwa maneno ya leseni pamoja na jina la Floyd Rose. Kramer walipoyumba, mwaka 1991 Fender wakachukua usambazaji, na mwaka 2005 ukarudi kwa mwenyewe. Van Halen alifariki mwaka 2020. Mtambo bado unauzwa.

Kinachonishangaza mimi si vile vibanio. Kubana kitu kwa skrubu hata fundi baiskeli anajua. Kinachonishangaza ni mtu aliyezoea kupiga tupa kila kipande kwa mkono wake kukubali kuiweka tupa chini.

Nasema hivi kwa sababu yaliyofuata Gerezani yamenigusa mfukoni. Nilimsimulia fundi habari za Rose, akacheka, akaokota koki mbovu za bomba, akayeyusha, akachonga kizingiti chenye vibanio vitatu. Baada ya wiki tatu nyuzi zilikuwa zimeichimba shaba, yaleyale ya 1976! Cha pili akakichonga kwa kipande cha springi ya Canter, akakichoma na kukipoza kwenye mafuta machafu ya injini. Kile kimekaa. Tuni haijakaa asilimia mia, kwa kuwa daraja langu ni la kawaida na halibani, lakini naweza kukandamiza mkono na kurudi nyumbani bila aibu.

Habari zikaenea. Mpiga gitaa mmoja wa kwaya ya Ubungo akataka, wa bendi ya Temeke akataka, tukauza vinne kwa elfu kumi na tano kila kimoja. Kila kimoja kinamla fundi siku mbili za tupa. Mimi nikatoa laki moja na nusu, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kodi ya chumba, tukanunua msasa, skrubu na mashine ndogo ya kusagia. Mwenye nyumba bado hajui.

Halafu akatokea mwenye duka la vyombo vya muziki Kariakoo. Anataka sitini kwa mwezi, kwa elfu nane kila kimoja. Na anataka tumwachie kimoja "akiangalie vizuri." Fundi akanitazama, mimi nikamtazama fundi. Sitini kwa siku mbili mbili ni siku mia na ishirini, na mwezi una thelathini. Ni lazima atafute vijana wa kumsaidia, ama amkabidhi kazi mtu mwenye mashine kubwa. Na tukikiacha kile kimoja, wiki ijayo tunaweza kukikuta kimepangwa rafu nzima bila sisi.

"Si twende tukaandikishe kama yule Mzungu wako?" fundi akaniuliza.

Ikabidi nimkate maini. Hataza inatolewa kwa kitu kipya, ambacho hakijawahi kujulikana duniani, nacho kibanio chetu ni mjukuu wa kile cha Rose. Hati yake ile ya kwanza ilikuwa na uhai wa miaka 17 kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, imeshamalizika zamani, na hata ilipokuwa hai haikuwa na meno nje ya Marekani. Kwa hiyo sisi si wezi. Lakini kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kumzuia mwenye duka asifanye kama sisi. Tunachoweza ni kusajili alama ya biashara BRELA, watu wajue cha fundi wetu ni kipi na cha kuiga ni kipi.

Fundi alinyamaza. Kisha akasema alama iwe picha ya koki.

Mpaka naandika haya hatujaacha sampuli. Nimemwambia mwenye duka aje Jumamosi Mbagala, tuna sendofu nyingine, asikilize mwenyewe kwanza na bei ya elfu nane tuizungumze upya. Amesema atakuja. Fundi naye ameshamwita mpwa wake kutoka Morogoro kushika tupa, ila kila kipande anachomaliza yule kijana, mjomba anakichukua na kukirudia mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo.