Balenyeri nzee ni nyumba ya watu: tuichunge mbele ya kuipakiza

Asubuhi mapema, ukishuka kando ya mto hapa Kisangani, kuna sauti moja utasikia mbele ya sauti ya mota. Ni sauti ya mtu anayetosha maji. Iko chini kabisa ndani ya balenyeri, miguu ndani ya maji, anachota na bidoni iliyokatwa, anamwaga inje, anachota tena. Hata siku ambayo mashua imefungwa na haiendi popote, kazi ile haikomi. Wengi tunapita tu, tumeizoea. Lakini kwa mwenye kujua, sauti ile ni habari kubwa: inasema ni maji kiasi gani inaingia, na kama ya leo inapita ya jana.

Ulaya kuna watu wanaotembea na nyumba yao: gari yenye kitanda, jiko na choo ndani. Gari ile ikizeeka, mwenyewe anajiuliza maulizo matatu: nitaichunga namna gani, nani ataitengeneza, na nani atanilipa ikiharibika? Kwetu Kisangani nyumba yenye mota iko juu ya maji. Maulizo ni yaleyale, lakini hapa hatari ni kubwa zaidi, sababu gari ikizimika unashuka na kusukuma. Balenyeri ikipasuka katikati ya mto, utashukia wapi?

Na ni nyumba kweli. Kisangani iko chini ya maporomoko ya Boyoma, pale ambapo mto unaanza kupitika mpaka Kinshasa, kilometa zaidi ya 1.700. Balenyeri inashuka, inapita Yangambi, Isangi, Basoko, Bumba, Lisala, Mbandaka. Safari inafanya majuma, na ikikwama juu ya mchanga inaongeza mengine. Watu wanapika humo, wanalala humo, wanafua nguo, wanauza sabuni na chumvi, wanabembeleza watoto. Wazee wanakumbuka maboti makubwa ya ONATRA. Yale yalipokuwa haba, mbao ilichukua nafasi ya chuma.

Mota inapendwa, mbao inasahauliwa

Tukizunguka kati ya wenye mashua na mafundi wao, jambo moja linarudi kila mara. Feza ya kutengeneza inaendaka kwanza kwa mota. Ni rahisi kuelewa sababu: mota ikikufa, hakuna safari, hakuna makuta. Lakini mbao ikianza kuoza, safari inaendelea. Unaongeza tu kijana mmoja wa kutosha maji, kisha wa pili. Mota inakufa kwa kelele. Mbao inakufa kimya. Na ile yenye kukufa kimya njo inazamisha watu.

Watu wengi wanafikiri mbao inaozea chini, pale inapolala ndani ya maji siku zote. Hapana. Mbao ngumu kama kambala, ikikaa ndani ya maji bila kutoka, inavumilia miaka mingi. Kuoza kunapenda mahali penye maji na hewa pamoja: pale kwenye mstari wa maji, ambapo mbao inalowa na kukauka, inalowa tena na kukauka tena, pembeni ambapo maji ya mvua inalala, chini ya magunia yasiyoondolewa, na kuzunguka misumari. Msumari ukishika kutu, mbao ya karibu yake inalegea, tundu linapanuka, na siku mawimbi ya boti kubwa yanapiga, ubao unaachana na mbavu za mashua.

Kipimo ni rahisi na hakiombi fundi wa mbali. Chukua kisu ama msumari mrefu, utembee nao kando ya mashua yote, inje na ndani, ukisukuma. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyooza inapokea kisu kama ndizi iliyoiva. Weka alama ya makaa kila mahali kisu kimeingia. Kama alama zimefwatana juu ya ubao mmoja, ubao huo unapashwa kutoka. Hakuna dawa ingine.

Tumeona dawa za uongo pia. Ile ya kwanza ni kupigilia kipande cha bati juu ya mahali palipooza. Bati inafunika macho ya wasafiri, lakini maji inabaki nyuma yake na kuoza kunakimbia zaidi. Ya pili ni kumwaga lami juu ya ufa bila kutosha pamba ya zamani. Kazi ya kweli ni kukwangua ufa mpaka mbao safi ionekane, kuingiza pamba ama vitambaa vipya kwa patasi na nyundo, kisha kufunga na lami ya moto. Ya tatu ni kuweka ubao mbichi uliokatwa juzi: ukikauka unajikunja, na ufa unarudi mahali palepale.

Pia, mwenye balenyeri asiogope akirudisha mashua majini nyuma ya kuikausha. Mbao iliyokauka imepungua, kwa hiyo siku za kwanza maji inaingia. Mbao ikilowa inavimba na kujifunga. Iache imefungwa kandokando, bila mzigo, uhesabu ndoo kila asubuhi. Kama hesabu inashuka siku kwa siku, ni vizuri. Kama haishuki, rudisha fundi mbele ya kuita wasafiri.

Wakati wa kuvuta mashua inje

Mto wenyewe unatupatia wakati. Hapa kwetu maji inashukaka mara mbili kwa mwaka: kuelekea mwezi wa pili, na tena kuelekea mwezi wa saba. Kuelekea mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili inajaa sana. Maji ikiwa chini, mchanga unaonekana, na vijana wenye kamba na magogo wanaweza kuvuta mashua mpaka tumbo lake linaonekana lote. Njo pale unajua ukweli wa nyumba yako.

Lakini ni pale pia majaribu yanaingia. Mwenye mashua anasema: safari moja zaidi, kisha nitaivuta. Mzigo umekwisha kufika, watu wanangoja, wenye madeni wanapiga simu. Safari moja inazaa ingine, na maji inapanda. Mashua ambayo ilipashwa kuvutwa mwezi wa saba inajikuta mwezi wa kumi na moja katikati ya mto uliojaa, na mbao zilezile, na mzigo mara mbili.

Mota nayo inasema

Hatusemi mota isichungwe. Mota ikizimika usiku, maji yenye nguvu inatupa mashua juu ya gogo ama mchanga, na mbao nzee haivumilii. Mota yenyewe inatoa habari, tuisikilize tu. Ukitosha kijiti cha kupimia na kukuta mafuta imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji imeingia ndani yake. Usiiwashe tena mbele fundi hajafungua. Moshi mweusi unaonyesha mazuti haiungui vizuri: hewa imeziba, ama mota inabebeshwa kupita nguvu zake. Moshi wa bluu unaonyesha mota inakula mafuta yake yenyewe.

Mota nyingi za mtoni zinapozwa na maji ya mto. Mchanga na yale majani tunaita kongo-ya-sika vinaziba njia ya maji, na mota inapika kama sufuria. Kila jioni, safisha pale maji inaingilia. Mazuti ya ndani ya fuska nayo, usiitie mara moja: iache ilale, maji na uchafu vinashuka chini, kisha uchote ya juu na kuichuja kwa kitambaa safi. Na uandike ndani ya kaye saa ambazo mota imetembea. Kichwa cha mtu kinasahau tarehe ya kubadilisha mafuta, kaye haisahau.

Moto: jiko liko wapi?

Mwezi wa nne mwaka 2025, karibu na Mbandaka, mashua ya mbao yenye mota, HB Kongolo, ilishika moto na watu wengi walikufa. Taarifa zilisema moto ulianzia pale mwanamke mmoja alipokuwa akipika. Tusiweke kosa lote juu ya mama yule. Mtu mwenye kusafiri majuma anapashwa kupika. Ulizo ni hili: nani alipanga mahali pa mbabula na mahali pa fuska za mazuti? Ndani ya nyumba yenye mota, jiko linapashwa kuwa na mahali pake, juu ya udongo ama bati yenye mchanga, mbali na mota, fuska na magodoro, na ndoo ya mchanga ikae karibu. Nafasi ile haileti makuta, kweli, lakini ni sehemu ya nyumba sawa na mbao na mota.

Asuransi: soma karatasi, usiamini rangi yake

Sasa tufike kwa bima, ile tunaita asuransi. Kwa magari, sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inalazimisha kila mwenye gari kuwa na asuransi ya kulipa wale anaowaumiza. Miaka mingi SONAS, iliyozaliwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na leta iliweka ARCA kwa kuyachunga. Leo mwenye chombo anaweza kuuliza mahali zaidi ya pamoja na kulinganisha.

Lakini polisi ya asuransi si ile polisi ya barabara: haitoshi kumwonyesha karatasi kisha kupita. Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanachanganya. Kwanza, asuransi ya madeni kwa wengine: wasafiri walioumia, mashua uliyogonga. Pili, asuransi ya chombo chenyewe, mbao na mota. Tatu, asuransi ya mzigo. Mwenye kulipa ya kwanza asifikiri amelipa ya tatu. Mama mwenye magunia ya mchele naye asifikiri karatasi ya armateri inamlindia mchele wake.

Kwa balenyeri nzee, ile ya pili njo ngumu. Kampuni inaweza kuomba mtaalamu aje kutazama mashua mbele ya kukubali, na mbao yenye miaka mingi haimpendezi. Hapo kaye inakuwa mali. Mwenye kuonyesha tarehe aliyovuta mashua, mbao alizobadilisha, saa za mota, karatasi ya navigabilite ya Komisariati ya Mto, anaongea akiwa na nguvu. Mwenye kuonyesha rangi mpya tu, anaongea bure. Uliza pia mbele ya kutia sahihi: siku ya ajali, nina siku ngapi za kutangaza? Kama mzigo unapita kipimo, ama tulitembea usiku wakati serikali imekataza, mtalipa bado? Majibu yaandikwe.

Na kuna karatasi moja isiyolipiwa makuta: liste ya wasafiri. Mara nyingi mashua ikizama kwenye mito yetu, watu wanabishana juu ya hesabu ya waliokufa sababu hakuna liste ya kweli. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa, familia yake itaonyesha namna gani kwamba alikuwa humo?

Sanduku la mbao

Tunajua jibu la wenye mashua: makuta haitoshi. Ni kweli, na vikaratasi vya kulipa njiani ni vingi. Lakini sisi watu wa Kisangani tunajua likelemba. Wamama wa soko wanajenga nyumba nayo. Wenye balenyeri watano ama sita wanaweza kufanya vilevile: kila safari ikirudi, kila mtu anatia sehemu, na maji ikishuka, mashua ya mmoja inavutwa inje na kutengenezwa yote. Maji ikishuka tena, ni zamu ya mwenzake. Ile haichukui nafasi ya asuransi. Asuransi inalipa nyuma ya ajali. Sanduku la mbao linaizuia.

Na sisi wasafiri, tusikae kama mizigo. Mbele ya kupanda, tutazame mstari wa maji uko wapi. Tuulize jilei ziko ngapi, na jiko liko wapi. Zaidi ya yote, tunyamaze kidogo, tusikilize chini. Kama yule kijana wa bidoni anachota bila kupumzika wakati mashua ingali imefungwa na bado haijapakiza, tushuke, tungoje ingine. Kesho yake balenyeri ingine itaondoka.