Hakimu Akikutukana, Umlalamikie Wapi?

Tarehe 31 Desemba 2011, mlinzi wa jengo la maduka la Village Market jijini Nairobi alimtaka mteja mmoja akaguliwe kabla ya kuingia. Mteja huyo alikuwa Nancy Baraza, Naibu Jaji Mkuu wa Kenya. Alipita bila kukaguliwa, ugomvi ukazuka, na mlinzi akalalamika kwamba alifinywa pua na kutishiwa bastola.

Hapakuwa na hukumu iliyobishaniwa. Kilichohojiwa ni mwenendo wa jaji nje ya mahakama.

Januari 2012 Rais Mwai Kibaki alimsimamisha kazi na kuunda jopo la uchunguzi, mwenyekiti wake akiwa Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Agosti jopo likapendekeza aondolewe. Oktoba mwenyewe akajiuzulu. Neno la mlinzi wa getini lilisikilizwa dhidi ya mtu wa pili kwa ukubwa katika Mahakama nzima, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nchini Tanzania nako njia ya kulalamika ipo. Mkazi wa Kichiwa, mkoani Njombe, hukutana na hakimu wa mahakama ya mwanzo mara nyingi zaidi kuliko jaji. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 imemwekea mlango karibu: Kamati ya Maadili ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Hiyo hupokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Mahakimu wa ngazi za juu zaidi hushughulikiwa na kamati ya mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa. Kamati huchunguza, humpa hakimu nafasi ya kujieleza, kisha hupeleka mapendekezo kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Kwa jaji wa Mahakama Kuu ulinzi ni mzito zaidi. Ibara ya 110A ya Katiba inataka Rais aunde tume ya watu wasiopungua watatu kabla jaji hajaondolewa, ili asifukuzwe kwa sababu tu hukumu yake imemuudhi mkubwa fulani.

Barua nzuri ya malalamiko hutaja jina la hakimu, mahakama, namba ya kesi, tarehe, maneno au kitendo chenyewe, na mashahidi waliokuwepo. Matusi, ulevi kazini, kuomba fedha, kuzungumza faraghani na upande mmoja wa kesi: hayo ni mambo ya maadili. Rushwa hupelekwa pia TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Wengi hukosea hapa: wanaandika kwa kamati wakitaka hukumu ibatilishwe. Kamati haina uwezo huo. Aliyeshindwa kesi mahakama ya mwanzo hukata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30, na siku hizo hazisimami kwa sababu barua ipo mezani kwa Mkuu wa Wilaya. Aliyeshindwa na kutukanwa pia ana haki ya kufuata njia zote mbili kwa wakati mmoja.