Kisiagi cha Mzee Kaggia

Majina ya wale sita waliofungwa na mkoloni baada ya kesi ya Kapenguria kila mwanafunzi wa Kenya anayajua: Kenyatta, Ngei, Kubai, Karumba, Oneko, Kaggia. Wa kwanza alikuwa Rais, na wengine katika hao sita wakawa mawaziri, wakawa na mashamba, majumba na mabasi. Bildad Kaggia alizeeka akiendesha kisiagi cha mahindi Makuyu, kule chini Murang'a. Wanaosimulia maisha yake wakifika hapo hushusha sauti, wakasema, maskini, aliishia kwenye kisiagi. Nami kadiri ninavyozidi kuyafuatilia maisha yake ndivyo ninavyozidi kukataa neno hilo "aliishia".

Alizaliwa Dagoretti mwaka 1921, akakulia Murang'a, akasoma shule ya misheni ya Kahuhia. Akili ya kuendelea na shule ya upili ya Alliance alikuwa nayo, karo hakuwa nayo. Akawa karani katika ofisi ya serikali Fort Hall, jina la kikoloni la mji wa Murang'a, na kutoka kwenye meza hiyo ya ukarani ndipo alipoingia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Walikwenda Wakenya wapatao 98,000 katika vita vile. Wako waliopigana Uhabeshi na Madagaska, wako waliofika misitu ya Burma wakipambana na Wajapani, malaria na matope ya masika. Wako ambao hawakufika kokote: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, mamia kwa mamia wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati. Alifika Palestina, akaiona Yerusalemu aliyoisoma katika Biblia ya misheni, na safari hiyo ikamtikisa. Mji mtakatifu aliuona ni mji kama miji mingine, wenye wachuuzi na wenye kutafuta faida. Mwaka 1945 akapelekwa Uingereza. Huko aliwaona Wazungu ambao mkoloni hakuwahi kumwonyesha Mwafrika: Wazungu maskini, wanaofagia barabara, wanaobeba mizigo. Mtu aliyekwisha kuona hayo hawezi tena kurudi kusimama mbele ya bwana shauri akivua kofia na kuinamisha kichwa. Aliporudi Kenya mwaka 1946 alianza na kanisa: akasema Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu bila kubeba desturi za Wazungu, na wafuasi wake wakajulikana kwa jina lake.

Hapa inafaa kuwakumbuka wenzake, kwa sababu biashara ndogo na askari waliotoka vitani ni habari moja katika nchi yetu. Waliporudi walikuwa na akiba posta na kiinua mgongo. Kiinua mgongo chenyewe kilipimwa kwa rangi. Mwafrika alipata sehemu tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kilekile. Hata hivyo wengi walirudi na nia moja, kujitegemea. Walijua kuendesha lori, kutengeneza injini, kuweka hesabu za stoo. Wakachangishana fedha wakanunua malori, wakafungua hoteli za chai na maduka ya sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Na wengi walianguka. Leseni ilikuwa mkononi mwa ofisa wa wilaya. Bidhaa za jumla zilikuwa mikononi mwa wengine. Benki haikumkopesha mtu asiye na hati ya ardhi, na ardhi hiyo ndiyo iliyochukuliwa. Soko moja dogo likawa na maduka kumi yanayouza vitu vilevile kwa watu walewale wasio na fedha. Waliposhindwa, ofisa aliandika kwamba Mwafrika hajui biashara. Katika hao walioona milango imefungwa ndimo walimotoka watu kama Waruhiu Itote, mpiganaji wa Burma ambaye msituni, katika vita vya Mau Mau, aliitwa Jenerali China.

Kaggia hakufungua duka wakati ule. Alipata ukarani Nairobi, akaingia vyama vya wafanyakazi, kisha akawa miongoni mwa vijana wakali waliolishika tawi la Nairobi la KAU, chama cha kupigania haki za Waafrika. Usiku wa kuamkia 21 Oktoba 1952 hali ya hatari ilikuwa imeshatangazwa na yeye alikuwa mikononi mwa polisi. Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, yeye na wenzake watano walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu kwa mashtaka ya kuongoza Mau Mau, wakapelekwa Lokitaung, jangwani Turkana. Alikuwa huru tena mwaka 1961, na mwaka 1963 watu wa Kandara wakampeleka bungeni. Akapewa unaibu katika Wizara ya Elimu.

Hakudumu. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza, na mkulima asiye na ardhi alitakiwa ailipe mikopo hiyo. Kaggia aliuliza kwa nini mtu anunue kilichokuwa cha baba yake. Aliandika barua, akalalamika waliohamia mashambani walipofukuzwa, na mwaka 1964 akaambiwa achague: cheo au maneno yake. Akachagua maneno yake.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa hadhara huko Kandara, mbele ya wapigakura wake mwenyewe, Rais Kenyatta alimgeukia. Akamtajia wenzao wa jela mmoja mmoja: huyu ana kahawa, yule ana nyumba kubwa, Karumba ana mabasi barabarani. Kisha akamuuliza, je, wewe Kaggia umejifanyia nini? Swali lile limezungumzwa Kenya kwa miaka sitini. Mimi naliona ndilo swali baya kuliko yote aliyowahi kuulizwa mtu aliyeitumikia nchi, kwa kuwa lilitangaza hadharani kwamba utumishi ni mtaji, na kwamba asiyevuna ni mjinga. Karumba aliyetolewa mfano siku hiyo alikwenda Uganda mwaka 1974 kufuatilia biashara zake, hakuonekana tena mpaka leo.

Mwaka 1966 Kaggia alitoka KANU, chama tawala, na pamoja na mwanasiasa Oginga Odinga wakaunda chama cha upinzani cha KPU, yeye akiwa makamu wa rais wa chama. Uchaguzi mdogo wa mwaka huo ukamnyang'anya kiti. Mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali aliyoipigania, kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Mwaka 1969 alirudi KANU. Kuna wanaomlaumu kwa hilo. Mimi siwezi, kwa sababu mtu amefungwa na tawala mbili na ana watoto wa kulisha. Ubunge hakuupata tena.

Ndipo tunafika Makuyu. Ni upande mkavu wa Murang'a, karibu na Thika, eneo la mashamba makubwa ambayo kwa miaka mingi hayakuwa ya wenyeji. Kisiagi mahali kama hapo si mchezo. Mama anakuja na gorogoro moja ya mahindi, kilo mbili tu, kwa sababu ndicho chakula cha leo. Mwingine anatuma mtoto na debe. Mwenye kisiagi analipwa senti chache kwa kila kipimo, na kutoka katika senti hizo anunue dizeli, abadilishe mkanda uliokatika, ageuze nyundo zilizochakaa, azibe chujio lililotoboka kabla unga haujatoka na chenga. Mahindi yakiwa na unyevu, chujio linaziba na mteja ananung'unika kwamba ameibiwa. Msimu wa mavuno foleni inafika barabarani. Mvua ikikosekana injini inanyamaza wiki nzima, na daftari la madeni linajaa majina ya watu ambao huwezi kuwadai ukiwatazama usoni. Kazi hiyo inataka mtu mwaminifu kwenye mizani. Ukipunja, kijiji kizima kinajua kabla jua halijazama.

Ninayataja haya yote kwa sababu wanaosema Kaggia alishindwa maishani hawajapata kuendesha kisiagi. Walioinuka upesi baada ya uhuru wengi waliinuka kwa ardhi ya kugawiwa, leseni za kupewa na mikopo isiyorudishwa. Aliyekaa na injini yake Makuyu aliuza huduma ambayo jirani aliihitaji, akalipwa bei ambayo jirani aliiweza. Hiyo ndiyo biashara ambayo askari wenzake wa mwaka 1946 waliitafuta, wakazuiwa na mkoloni. Swali la Kandara lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa linanguruma Makuyu kila mtu akilisikia.

Hata hivyo nisiifanye hali yake iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Taifa lilimtelekeza. Mtu aliyetumikia jeshi la vita, akafungwa kwa ajili ya uhuru, akakaa bungeni, alistahili uzee usiotegemea kama mvua imenyesha. Ni aibu yetu, si yake. Alifariki tarehe 7 Machi 2005, na sifa ambazo viongozi walizimwaga msibani zingemfaa zaidi akiwa hai.

Kitabu chake, Roots of Freedom, kilichotoka mwaka 1975, kinasimulia mpaka mwaka 1963 kikaishia hapo. Miaka ya kisiagi haimo. Lakini mzee huyu hakufa zamani. Waliosagiwa mahindi naye bado wapo Makuyu, nao wanazeeka. Mwalimu wa historia wa Murang'a, mwanafunzi wa chuo unayetafuta mada ya utafiti, mjukuu mwenye simu ya kurekodi: nendeni mkawaulize leo, muandike, na muandike kwa Kiswahili.