Je, Wajua? Kisamvu Huushinda Muhogo

Kwenye vilima vya Kisarawe na mashamba ya Kibaha, muhogo ndio tegemeo la wengi, lakini lishe nono iko kwenye majani yake, yaani kisamvu. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini gramu 1 hadi 2 tu. Majani mabichi ya uzito huohuo yana gramu 7 hivi, pamoja na madini ya chuma, kalsiamu na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo tui la nazi ambalo Wazaramo hutia kwenye kisamvu si la ladha tu.

Na kinu cha kutwangia kisamvu je? Majani haya yana kemikali inayotoa sianidi, sumu kali. Kutwanga huzipasua seli za jani, sumu ikaachiliwa. Kuchemsha bila kufunika sufuria huitoa na mvuke. Bibi zetu walifika hapo bila maabara.

Ila kuchemsha kwingi huua vitamini C. Ukishapakua, kamulia ndimu.