Gari la 4WD kwa barabara za utelezi: familia ya Iringa ichague lipi?

MVUA za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katikati ya miezi hiyo ndipo familia nyingi za mjini Iringa hufunga safari ya kwenda vijijini kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya. Lami huishia mahali, na kuanzia hapo udongo mwekundu uliolowa ndio huamua nani atafika na nani atalala njiani.

Kwa mkazi wa Mlandege, mojawapo ya kata za Manispaa ya Iringa, jambo hilo huwa zito zaidi pale anapokuwa na fedha za kununua gari moja tu. Gari hilo ndilo litakalompeleka kazini na kuwapeleka watoto shule karibu mwaka mzima, na ndilo linalotarajiwa kwa siku chache kupanda milima ya Kilolo au kupita katika mashamba ya chai ya Mufindi huku mvua ikinyesha.

Jibu la haraka analopewa na madalali ni kununua gari lenye maandishi ya "4WD" au "AWD" mgongoni, yaani gari ambalo injini huyazungusha magurudumu yote manne.

Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu nyingine, ambayo haielezwi sana, ni kwamba mfumo huo husaidia gari kuondoka na kupanda, lakini hausaidii kusimama. Kinachosimamisha gari ni breki na tairi, na kila gari, liwe la kuvuta mbele tu au kote, lina breki katika magurudumu manne.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayeshuka Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, wakati wa ukungu. Gari la 4WD humpa dereva hisia kwamba barabara haina utelezi, kwa sababu halimwonyeshi dalili yoyote anapokanyaga mafuta. Dalili huja anapokanyaga breki, na wakati huo huenda amekwisha kuchelewa. Ikumbukwe pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, kwa mfano kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, umbali ambao breki huhitaji ili kusimamisha gari huongezeka takriban mara nne.

Magari yaliyozaliwa kwenye theluji

Magari madogo ya familia yenye mfumo huu yanayoonekana Iringa na Mbeya mengi hutoka Japani, na hayakubuniwa kwa ajili ya tope. Yalibuniwa kwa ajili ya theluji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya Tohoku, inayohudumia eneo lenye theluji nyingi kaskazini mwa kisiwa cha Honshu, ilihitaji gari la kuwapeleka mafundi kukagua nyaya milimani wakati wa baridi, lakini lenye starehe kuliko jipu. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi walilibadilisha gari la kawaida ili livute kwa magurudumu yote. Kutokana na jaribio hilo, Septemba 1972 Subaru iliingiza sokoni Leone ya stesheni wagoni yenye 4WD.

Toyota ilifuata mwaka 1982 kwa Sprinter Carib, gari ambalo wazee wa gereji bado hulisifia. Baadaye zikaja RAV4 mwaka 1994, Subaru Forester mwaka 1997, kisha Nissan X-Trail na Corolla Fielder mwaka 2000.

Theluji na tope hufanana katika jambo moja kubwa: vyote hupunguza mshiko wa tairi. Katika gari la kuvuta mbele, magurudumu mawili hubeba kazi yote ya kusukuma gari. Likianza kupanda mlima, uzito huhamia nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na huanza kuzunguka bure. Kazi hiyo ikigawanywa kwa magurudumu manne, kila tairi hudaiwa nguvu ndogo zaidi na hivyo huchelewa kuteleza. Hiyo ndiyo siri yote ya 4WD. Hakuna muujiza mwingine.

Lakini tope lina tabia zake. Hujaza mifereji ya tairi hadi tairi likawa laini kama limekwisha, na malori huchimba humo makorongo marefu ya magurudumu. Gari likiegemea tumbo juu ya tuta la katikati, hata magurudumu manne yatazunguka hewani. Kwa sababu hiyo, urefu wa gari kutoka chini una uzito sawa na mfumo wa kuvuta. Forester na X-Trail huachia takriban milimita 200 kati ya tumbo na ardhi. Fielder, hata ile ya 4WD, iko chini zaidi, na hapo ndipo wengi huiona kasoro yake.

Mifumo haifanani

Neno "4WD" hutumika kwa mambo matatu tofauti, na bei yake hulipwa na mnunuzi asiyeuliza.

Mfumo wa kwanza ni ule wa magari ya kazi kama Toyota Hilux, ambapo dereva huvuta wenzo kuunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma. Una nguvu kuliko yote kwenye tope, lakini katika magari mengi ya aina hiyo haufai kuachwa umewashwa kwenye lami kavu, kwani gari linapokata kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa na vyuma vya ndani hukazana hadi kuharibika.

Mfumo wa pili huvuta kwa magurudumu yote wakati wote, na ndio uliozipatia sifa Subaru nyingi. Faida yake ni kwamba dereva hana la kufanya. Gari halisubiri kuteleza ndipo lijibu. Gharama yake ni mafuta, pamoja na injini ambayo si kila fundi anaimudu.

Wa tatu ndio wa Fielder, RAV4 nyingi za baadaye na X-Trail. Kwa kawaida magurudumu ya mbele ndiyo huvuta, na ya nyuma huitwa pale tu ya mbele yanapoteleza. X-Trail ya kwanza iliongezewa kitufe cha kufunga mfumo huo ili usaidie mapema, jambo linalofaa sana kabla ya kuanza mlima wenye tope. Fielder haina kitufe hicho. Husubiri kuteleza kwanza.

Jina lisikudanganye

Kosa la kwanza linalowagharimu wanunuzi ni kuamini jina la gari. Si kila RAV4 ni 4WD. Ile ya kizazi cha pili yenye namba ya muundo ZCA26 huvuta mbele tu, ilhali ACA21 huvuta kote, na kwa macho ya haraka zinafanana. Fielder NZE121 huvuta mbele. Ya 4WD ni NZE124. Katika vizazi vilivyofuata, za 4WD ni NZE144 na NZE164. X-Trail ya kwanza yenye herufi NT30 huvuta kote, T30 bila N mbele yake huvuta mbele tu. Toyota Noah ya zamani SR40 huvuta nyuma, SR50 huvuta kote.

Hata Subaru, ambayo wengi huamini kwamba zote huvuta kote, ina Impreza wagoni GG2 ya kuvuta mbele. Dada yake wa 4WD ni GG3. Namba hizi huandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au mwilini mwa gari, na kuzisoma hakuhitaji fundi.

Kosa la pili ni kutoinama. Gari lililokwisha kutumika nchini linaweza kuwa na kibati cha 4WD huku mfumo wenyewe haupo. Difu ya nyuma au kiunganishi chake kinapokufa, na spea ikawa ghali, kuna wamiliki ambao humwambia fundi afungue propela na gari liendelee kutembea kwa magurudumu ya mbele. Anayetazama chini ya gari ataona kama propela bado inafika nyuma.

Jaribio jingine ni kuendesha taratibu katika uwanja wenye lami au sakafu ngumu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Gari linalojikaza, kushtuka au kugonga kutoka chini wakati wa kuzunguka lina tatizo katika kiunganishi, na matengenezo yake si ya siku moja.

Kosa la tatu linahusu kutu. Kwa kuwa magari mengi madogo ya 4WD hununuliwa huko Japani na watu wa mikoa ya theluji kama Hokkaido na Aomori, hupita kwa miaka mingi juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula chesisi, mabomba ya breki na mikono ya magurudumu. Kwa maneno mengine, gari lilelile ambalo mkazi wa Iringa analitafuta kwa sababu ya uwezo wake ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuoza chini. Anayeagiza moja kwa moja aombe karatasi ya mnada: herufi S huashiria kutu, C kutu iliyokwisha kula bati, na alama ya R kwa kawaida ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Picha za chini ya gari ziombwe pia, na muuzaji anayesita kuzitoa amekwisha kujibu.

Tairi kwanza

Yapo mambo ambayo nchi za theluji zimejifunza mapema. Katika jimbo la Quebec nchini Canada, tangu mwaka 2008 sheria humlazimu mwenye gari kufunga matairi ya baridi katika miezi ya theluji. Sheria hiyo haimlazimu mtu kununua 4WD, wala haimsamehi aliye nayo.

Mantiki hiyo inafaa pia kwa udongo wa Kilolo. Gari la kuvuta mbele lenye matairi mazuri huweza kuwa salama zaidi kuliko 4WD yenye vipara. Kwa safari za tope, tairi lenye mifereji mipana na meno ya pembeni husukuma tope nje vizuri kuliko lile laini la lami.

Jambo la kutahadhari ni matairi ya theluji yanayofika na baadhi ya magari kutoka kaskazini mwa Japani, yenye neno "STUDLESS" ubavuni. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi kali. Huonekana mapya na yana mifereji mingi, lakini kwenye lami ya joto huisha haraka, na lami ikilowa gari huchelewa kusimama. Umri wa tairi husomwa katika tarakimu nne ubavuni: 3518, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2018.

Mwenye gari la kuvuta kote hawezi pia kuendeleza desturi ya kununua tairi mojamoja kadiri fedha zinavyopatikana. Tairi jipya na lililochakaa hutofautiana mzunguko, na tofauti hiyo hulazimisha kiunganishi cha kati kufanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka, hadi kikaungua. Subaru hushauri tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, takriban milimita 6. Kwa hiyo bajeti ya 4WD ni bajeti ya matairi manne kwa pamoja, na familia isiyoweza kuibeba ni heri ikajua hivyo kabla ya kununua.

Lipi basi?

Kwa familia inayoishi mjini na kwenda kijijini mara mbili kwa mwaka, ambayo njia yake ya udongo ni fupi, gari la kuvuta mbele lenye matairi manne mazuri na subira ya kungoja barabara ikauke linatosha. Tofauti ya bei iende kwenye breki na shokapu.

Kwa anayepita njia za udongo kila wiki, mwalimu au muuguzi mwenye kituo milimani, Forester ya lita 2.0 isiyo na tabo ni chaguo lenye nguvu, mradi awe na fundi anayeijua. Injini zake za zamani hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa karibu na kilomita 100,000. Muuzaji asiyejua ulibadilishwa lini ahesabiwe kwamba haukubadilishwa. X-Trail humfaa anayetaka kitufe cha kufunga mfumo. Fielder ya 4WD humfaa anayehesabu mafuta na ambaye njia yake ina utelezi lakini haina makorongo.

Kodi nayo iangaliwe kabla ya kulipa dola yoyote. Umri wa gari na ukubwa wa injini huongeza ushuru, hasa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake.

Wanaoelekea upande wa Mbeya na Makete kupitia Kitulo wana jambo la ziada. Uwanda huo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti umande huganda usiku. Hapo hakuna tope la kuonekana. Barabara huonekana kavu alfajiri, na utelezi huwa kwenye kivuli cha kona ambako jua halijafika.

Na gari la kuvuta kote likiharibika njiani, lisikokotwe kwa kuinua magurudumu mawili huku mengine mawili yakizunguka chini. Lipakiwe lote juu ya lori, vinginevyo mfumo uliolipiwa kwa gharama kubwa utaharibika kabla gari halijafika gereji.