Kitunze Kidumu: Pikipiki Inayokubali Mkono wa Mwenyewe

Zipo mashine zilizotengenezwa ili zisifiwe, na zipo zilizotengenezwa ili zifanye kazi. Honda CG125 ni ya jamii hii ya pili. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, na viwanda vya China vimeiiga sana. Hata katika Kongo si chache pikipiki zibebazo watu na magunia kwa injini ya mtindo ule ule.

Wepesi wake haukuja kwa bahati. Wahandisi wa Honda walikwenda kwanza kutazama jinsi pikipiki zao zilivyotumika katika nchi za Asia. Waliwakuta wenyewe wakizipakia mizigo mizito, wakizipitisha vumbini, na kuongeza tu mafuta ya injini pasipo kuyabadilisha. Injini yenye mnyororo mwembamba ndani, wa kuendesha vali kutoka juu, haikuvumilia uzembe huo. Basi wakaacha mtindo ule, wakatia vijiti vya chuma vipelekavyo mwendo kutoka chini hadi kwenye vali. Injini hupozwa na upepo, wala haina maji ya kuvuja.

Lakini mvumilivu naye huchoka. Ni kazi gani basi awezazo baba wa nyumba, au kijana wake, kwa funguo chache na kitambaa safi?

Kwanza, mafuta. Washa injini kidogo yapate joto, uizime, ufungue skrubu ya chini, uyakinge katika beseni. Usiyamwage karibu na kisima. Kisha tia mapya, karibu lita 1, ukipima kwa kijiti chake. Mafuta meusi yaliyochoka huila injini kimya kimya.

Pili, chujio la hewa. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, ulipake mafuta kidogo na kulikamua. Vumbi likipita hapo, husaga silinda.

Tatu, plagi, ambayo wengi huiita buji. Isugue, upime nafasi ya ncha zake: milimita 0.6 hadi 0.7.

Nne, mnyororo wa nyuma. Uwe na ulegevu wa sentimita 2 hivi. Ukiukaza, zungusha nati za pande zote mbili sawasawa, gurudumu lisikae upande.

Tano, vali. Injini ikiwa baridi, nafasi yake ni milimita 0.08. Ikibana mno, vali haifungi vizuri, nguvu hupungua na vali huungua. Ikilegea, husikika kelele ya kugonga. Mara ya kwanza jifunze kwa fundi, ukitazama mikono yake. Na breki zikikutia mashaka, usibahatishe: roho za abiria zi mikononi mwako.

Tufikiri hesabu yake. Lita 1 ya mafuta ni gharama ndogo; injini iliyokufa ni karo ya watoto, ni mgonjwa aliyekosa kufikishwa hospitalini usiku. Enyi vijana mlio shuleni, msidhani kwamba elimu huishia kwenye daftari. Yule ajuaye kwa nini vali hufunguka na kufunga amesoma somo la kweli, na jamaa yake itakula matunda yake.